Madini Katika Punje: Je, Yamebebwa na Protini Ipi?

Kwa muda mrefu ubora wa chakula umepimwa kwa kibaba na kwa mizani. Nyumba iliyokuwa na unga wa kutosha mwaka mzima ilihesabiwa kuwa imeepukana na njaa. Siku hizi yafahamika kwamba mtu aweza kushiba kila siku na bado mwili wake ukapungukiwa. Upungufu huo, ambao wataalamu wa lishe wameuita njaa iliyofichika, hutokana na kukosekana kwa vitamini na madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno. Miongoni mwa madini hayo ni chuma, zinki, iodini na seleni.

Njia mojawapo ya kuondoa njaa hiyo ni kuyarutubisha mazao yenyewe yakiwa shambani. Mkulima aweza kupewa mbolea iliyotiwa madini yanayokosekana udongoni, au mbegu iliyozalishwa makusudi ili punje zake zikusanye madini mengi zaidi. Mazao yakisha kuvunwa, sampuli hupelekwa maabara, nayo maabara hutoa tarakimu: miligramu kadha wa kadha za madini katika kila kilo ya nafaka.

Tarakimu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Yaeleza madini ni kiasi gani, wala haielezi yameshikwa na nini. Katika punje, atomi ya madini haikai peke yake. Huenda imejengwa ndani ya protini, au imefungwa ndani ya chumvi isiyoyeyuka, au imo katika molekuli ndogo isiyo protini. Mlaji hafaidiki sawasawa na hali hizo zote. Kwa sababu hiyo limestawi tawi la utafiti ambalo kazi yake ni kuzitambua, moja baada ya moja, protini zinazobeba madini katika mazao yaliyorutubishwa. Madini yaliyochunguzwa zaidi kwa njia hii ni seleni, na habari zake zinafaa kuwa mfano.

ELEMENTI YENYE SURA MBILI

Seleni iligunduliwa mwaka 1817 na mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, aliyeipa jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya mwezi. Kwa zaidi ya karne moja ilijulikana kama sumu tu. Katika miaka ya 1930 wachunguzi wa Marekani walithibitisha kwamba mifugo ya nyanda za South Dakota iliyopoteza manyoya na kwato ilikuwa imekula nafaka na majani yaliyoota katika udongo wenye seleni nyingi.

Sura yake ya pili ilionekana mwaka 1957. Klaus Schwarz na Calvin Foltz walionyesha kwamba panya waliokuwa wakifa kwa kuharibika ini waliokolewa kwa kutiliwa seleni kidogo sana katika chakula chao. Mwaka 1973 ikadhihirika sababu yake: seleni ni sehemu ya kimeng'enya kiitwacho glutathioni peroksidesi, ambacho huukinga mwili na kemikali haribifu zitokeazo katika matumizi ya oksijeni. Leo yajulikana kwamba mwanadamu ana jeni 25 za protini zinazojengwa kwa kutumia seleni, zikiwemo zile zinazoiwezesha homoni ya tezi ya shingoni kufanya kazi yake.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka China. Katika wilaya ya Keshan, kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, ugonjwa wa misuli ya moyo ulitambuliwa mwaka 1935, nao ukapewa jina la wilaya hiyo. Ulishambulia hasa watoto na wanawake wa vijijini, na ulipatikana katika ukanda mrefu wenye udongo usio na seleni ya kutosha. Mwaka 1974 madaktari walianza kuwapa watoto wa wilaya ya Mianning, jimbo la Sichuan, vidonge vya chumvi ya seleni kila wiki. Katika mwaka huo wa kwanza, kati ya watoto 4,510 waliopewa vidonge waliugua 10. Na kati ya watoto 3,985 ambao hawakupewa waliugua 54. Mwaka 1976 vidonge vilitolewa kwa watoto wote, na ugonjwa ukapungua mno. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba hata virusi huchangia katika ugonjwa huo, bali upungufu wa seleni ndio unaovifungulia mlango.

Katika China hiyo hiyo, watu wa eneo la Enshi, jimbo la Hubei, walipoteza nywele na kucha katika miaka ya 1960 kwa sababu ya seleni iliyozidi katika mazao yao. Kati ya upungufu na sumu pana nafasi nyembamba. Wataalamu wa Marekani wamependekeza mikrogramu 55 kwa siku kwa mtu mzima. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo cha mikrogramu 255 kwa siku. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

MMEA USIOTOFAUTISHA

Mmea haupati seleni kwa kuitafuta. Katika jedwali la elementi, seleni imekaa chini ya salfa, na kwa tabia za kikemia elementi hizi mbili ni kama ndugu. Mizizi inayo milango ya kupitishia salfa, na seleni iliyo katika umbo la seleneti hupita katika milango hiyo hiyo. Ikisha ingia, hupelekwa katika majani na kupitishwa katika hatua zile zile za kikemia zinazoigeuza salfa kuwa asidi amino.

Asidi amino ndizo matofali ya protini. Moja yao, methionini, ina atomi moja ya salfa. Mmea uliopata seleni hutengeneza pia selenomethionini, ambayo ni methionini yenye seleni mahali pa salfa. Vyombo vya chembe hai vinavyounganisha asidi amino kuwa protini havitambui tofauti iliyopo. Kila mahali palipokusudiwa methionini, selenomethionini yaweza kuwekwa badala yake, na protini ikaendelea na kazi yake kama kawaida.

Kutokana na hayo, seleni katika ngano, mchele au mahindi haimo katika protini moja maalumu. Imetawanyika katika protini nyingi, hususan zile za akiba ambazo mmea huziweka katika punje kwa ajili ya kulisha chipukizi. Mtawanyiko huo ni mwembamba sana. Ikichukuliwa kwamba kilo ya unga wa ngano ina gramu 1.8 za methionini na miligramu 0.2 za seleni, hesabu yaonyesha kwamba kati ya nafasi 5,000 hivi za methionini, ni 1 tu iliyokaliwa na selenomethionini.

Si mimea yote ifanyayo hivyo. Kitunguu saumu kilichorutubishwa huiweka seleni yake nyingi katika molekuli ndogo zisizoingizwa katika protini. Mimea fulani ya jamii ya Astragalus, iotayo katika udongo wenye seleni nyingi huko Marekani, hujikinga kwa kuigeuza seleni kuwa umbo ambalo protini haliwezi kulipokea. Kwa hiyo mazao mawili yaweza kuwa na tarakimu moja ya seleni katika cheti cha maabara, ilhali mlaji wa zao moja anapata kitu tofauti na mlaji wa lile jingine.

Tofauti hiyo ina maana kwa mwili. Selenomethionini ya chakula hufyonzwa karibu yote, kisha mwili wa mwanadamu, ambao nao hautofautishi, huiweka katika misuli na viungo vingine kama akiba. Protini hizo zinapovunjwa, seleni huachiliwa na kutumiwa kutengeneza vile vimeng'enya muhimu. Chumvi za seleni zisizo za kikaboni nazo hutumika, ila hazijengi akiba ya namna hiyo. Zinazozidi hutolewa upesi kwa njia ya mkojo.

KAZI YA MAABARA

Mtafiti aitambue vipi protini iliyobeba atomi moja ya seleni katikati ya maelfu ya molekuli zisizo nayo? Kazi hii hufanywa kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuzitenga protini kwa makundi. Punje husagwa, na mafuta yake huondolewa kwa kiyeyushi. Unga uliobaki huoshwa kwa vimiminika vinne kwa zamu, kwa kufuata utaratibu wa Thomas Burr Osborne, mwanakemia wa Connecticut, Marekani, aliyechunguza protini za mbegu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Maji matupu huyeyusha albumini. Maji ya chumvi huyeyusha globulini, ambazo ni nyingi katika maharagwe na soya. Alkoholi iliyotiwa maji huyeyusha prolamini, ambazo katika mahindi huitwa zeini. Mwisho, alkali hafifu huyeyusha glutelini, zilizo nyingi katika mchele. Seleni hupimwa katika kila kundi, na papo hapo huanza kuonekana imeelemea upande gani.

Hatua ya pili ni kuzipanga molekuli kwa ukubwa. Kimiminika hupitishwa katika mrija uliojaa chembe ndogo zenye vitundu. Molekuli kubwa haziwezi kuingia katika vitundu hivyo, basi hupita kandokando na kutoka mapema. Zile ndogo huingia na kutoka katika kila kitundu, nazo huchelewa. Ni mithili ya watu wapitao sokoni: mwenye mkokoteni hufuata njia kuu moja kwa moja, ilhali mtoto huingia kila kichochoro na kutokea mwisho wa wote.

Hatua ya tatu ni kuigundua seleni yenyewe. Kimiminika kitokacho katika mrija hunyunyizwa ndani ya plazima ya agoni, yaani gesi iliyopashwa joto la nyuzi elfu kadhaa hata atomi zake zikabeba chaji ya umeme. Katika joto hilo kila molekuli husambaratika na kubaki atomi tupu. Atomi hizo huingia katika spektrometa ya masi, chombo kinachozichambua kwa uzito wake na kuzihesabu. Chombo hiki huweza kugundua seleni hata ikiwa ni sehemu moja katika sehemu bilioni ya kimiminika.

Hapa pana mtego unaojulikana vyema. Isotopu iliyo nyingi zaidi ya seleni, ambayo ni karibu nusu ya seleni yote ya asili, ina uzito wa 80. Agoni ina uzito wa 40, na katika plazima atomi mbili za agoni huweza kushikamana na kuwa na uzito huo huo wa 80. Chombo kisichorekebishwa kitahesabu agoni na kuiita seleni. Ili kuepuka kosa hilo, vyombo vya kisasa vina chumba ambamo gesi kama hidrojeni huivunja miungano hiyo ya agoni kabla ya kuhesabiwa. Aidha, mtafiti mwangalifu hulinganisha isotopu nyingine, kama ile ya 78, ili ahakikishe kwamba majibu yanakubaliana.

Hata baada ya seleni kuonekana ikitoka pamoja na protini kubwa, haijathibitishwa kwamba ni sehemu ya protini hiyo. Huenda imeng'ang'ania juu yake tu, kama vumbi juu ya nguo. Kwa hiyo protini hukunjuliwa kwa kemikali kali zinazovunja umbo lake, kisha huoshwa. Seleni iliyoshikilia juu hudondoka. Iliyojengwa ndani hubaki. Hatua hii ndiyo inayotenganisha dhana na uthibitisho, na matokeo yasiyoipitia hayana budi kusomwa kwa tahadhari.

Ndipo hufuata utambuzi wenyewe. Protini hutenganishwa katika jeli kwa nguvu ya umeme, kila moja ikisimama mahali pake kama mstari. Mstari wenye seleni hukatwa, na protini iliyomo hukatwakatwa kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini. Kimeng'enya hiki hakikati ovyo: hukata baada ya asidi amino mbili maalumu tu, laisini na aginini, hivyo kila protini huacha vipande vya namna yake. Vipande hivyo hupimwa katika spektrometa ya masi ya aina nyingine, ambayo haivisambaratishi kuwa atomi bali huvipima vikiwa vizima, kisha huvivunja kwa utaratibu ili mpangilio wa asidi amino zake usomeke. Mpangilio huo hulinganishwa na orodha za protini za mmea zilizokwisha kuchapishwa.

Kipande chenye seleni hujitambulisha kwa ishara mbili. Kwanza, huwa kizito kuliko ndugu yake mwenye salfa kwa kiasi cha vizio 48 hivi, ambayo ndiyo tofauti ya uzito kati ya isotopu kuu za seleni na salfa. Pili, kwa kuwa seleni ya asili ni mchanganyiko wa isotopu sita zenye viwango visivyobadilika, kipande chake hakitoi mlio mmoja bali msururu wa milio yenye vimo vinavyojulikana. Mpangilio huo ni kama alama ya kidole. Ni vigumu kuufananisha na wa elementi nyingine iliyo ya kawaida katika viumbe.

Kazi hii ina udhaifu wake. Asidi kali iliyozoeleka katika kuvunja protini huiharibu selenomethionini, na ndiyo sababu maabara hutumia vimeng'enya badala yake. Hewa nayo huioksidisha. Ili maabara mbalimbali ziweze kusahihisha vipimo vyao, Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada lilitayarisha hamira yenye seleni iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa, na takriban thuluthi mbili za seleni yake ni selenomethionini. Maabara isiyoweza kupata jibu hilo kutoka kwa hamira hiyo haina sababu ya kuyaamini majibu yake kuhusu mahindi.

Udhaifu mwingine ni mkubwa zaidi. Kwa kuwa seleni ya nafaka ya kawaida imetawanyika mno, watafiti wengi huchunguza mimea iliyopewa seleni nyingi kupita kiasi ili waione kwa urahisi. Lakini mmea uliojazwa seleni huweza kushindwa kuigeuza yote, na sehemu yake ikabaki katika umbo la chumvi. Yaliyoonekana katika chungu cha maabara hayana budi kuthibitishwa tena katika mazao ya shambani.

KUTOKA UFINI HADI MALAWI

Taifa la kwanza kuitumia elimu hii kwa nchi nzima ni Ufini. Udongo wake ulikuwa maskini wa seleni, na katika miaka ya 1970 wananchi wake walikuwa miongoni mwa watu waliopata seleni kidogo sana barani Ulaya. Mwaka 1984 serikali iliamua kwamba mbolea za viwandani zitiwe seleneti ya sodiamu: miligramu 16 kwa kila kilo ya mbolea ya nafaka, na miligramu 6 kwa mbolea ya malisho. Katika miaka michache seleni iliyoliwa na mtu wa kawaida kwa siku ilipita mikrogramu 100. Viwango vya mbolea vimerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo, kwa kufuata vipimo vya mazao, nyama, maziwa na damu.

Wafini hawakuitia chumvi hiyo katika mkate moja kwa moja. Waliuacha mmea uwe kiwanda cha kwanza. Ngano iliigeuza seleneti kuwa selenomethionini ya protini, na ng'ombe aliyekula majani aliipeleka katika maziwa na nyama. Mmea ulitumika pia kama kizuizi, kwani kati ya mfuko wa mbolea na sahani ya mlaji seleni ilipunguzwa na kubadilishwa umbo.

Barani Afrika mfano ulio wazi ni Malawi, ambako mahindi ndiyo chakula kikuu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba mahindi ya sehemu nyingi za nchi hiyo yana seleni kidogo sana, isipokuwa yale ya udongo mweusi wenye ualkali katika bonde la mto Shire. Udongo wenye asidi huishika seleni, na mizizi haiwezi kuichukua. Wenye ualkali huiachilia. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha tofauti kubwa za namna hiyo kati ya mahali na mahali katika nafaka za Ethiopia na Malawi.

Mwaka 2019 jaribio lilifanywa wilayani Kasungu. Mahindi yaliyopandwa kwa mbolea yenye seleni yalisagwa, na unga wake ukaliwa kwa wiki kadhaa na wanawake pamoja na watoto wa shule. Kiasi cha seleni katika damu yao kilikaribia kuongezeka maradufu, ilhali waliokula unga wa kawaida hawakupata badiliko kama hilo. Jibu la damu liliafikiana na lile lililotazamiwa kutokana na kemia ya punje.

Pana faida nyingine inayohusu mashine ya kusaga. Chuma na zinki hukaa zaidi katika tabaka la nje la punje na katika kiini, ambavyo huondolewa nafaka inapokobolewa ili kupata sembe. Seleni, kwa kuwa hufuata protini, imeenea zaidi katika punje nzima. Mlaji wa sembe hupoteza sehemu ya seleni, lakini hapotezi kwa kadiri anavyopoteza chuma na zinki.

MAHARAGWE NA CHUMA

Mambo ya chuma ni tofauti, na yaonyesha kwa nini kila madini yahitaji uchunguzi wake. Nchini Rwanda, ambako maharagwe huliwa karibu kila siku, mbegu zenye chuma nyingi zimezalishwa na kusambazwa kwa wakulima. Katika jaribio moja, wanafunzi wa kike 195 wa chuo kikuu walikula maharagwe kwa siku 128. Kundi moja lilikula maharagwe yenye miligramu 86 za chuma kwa kilo, na jingine yenye miligramu 50. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba hali ya chuma na hemoglobini ya kundi la kwanza iliboreka zaidi.

Hata hivyo sehemu kubwa ya chuma ya maharagwe haiufikii mwili. Baadhi yake imo katika feritini, protini yenye umbo la mpira ulio wazi ndani, iliyojengwa kwa vipande 24 na yenye uwezo wa kuhifadhi atomi 4,500 za chuma. Nyingine, ambayo ni nyingi, imefungamana na asidi fitiki, kemikali ambayo mbegu huitumia kuhifadhi fosforasi, na utumbo hauwezi kuinyang'anya chuma chake kwa urahisi. Wataalamu walipoiona feritini walitumaini kwamba itakuwa chombo salama cha kukivusha chuma hadi utumboni, na mwaka 1999 watafiti wa Japani walitangaza mpunga uliotiwa jeni ya feritini ya soya. Lakini katika majaribio ya maabara feritini imeonekana kuvunjika katika asidi kama ile ya tumboni. Chuma kikiachiliwa hapo, fitati za chakula hicho hicho huweza kukidaka.

Utafiti uliofanywa na wanawake wa Rwanda umethibitisha kwamba fitati hupunguza manufaa ya maharagwe hayo. Mzalishaji wa mbegu anayeangalia tarakimu ya chuma peke yake aweza kuchagua mbegu ambayo fitati zake zimepanda pamoja na chuma, na juhudi ya miaka mingi ikazaa faida ndogo kuliko ilivyotazamiwa.

MAMBO YA KUTAHADHARI

Mafunzo matatu ya miaka iliyopita yanafaa kukumbukwa na kila anayepanga kurutubisha mazao.

La kwanza latoka Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kaskazini mwa nchi hiyo watu walipungukiwa na iodini na seleni kwa pamoja, na watoto wengi walidumaa kwa kukosa homoni ya tezi ya shingoni. Watafiti walipowapa seleni peke yake baadhi ya watu hao, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalikuwa kinyume cha matumaini: homoni hiyo ilipungua zaidi. Seleni ilikiamsha kimeng'enya kinachoitumia homoni, ilhali tezi haikuwa na iodini ya kutengenezea nyingine. Ilibainika kwamba iodini hupaswa kutangulia.

La pili ni la mwaka 1996. Kampuni moja ilikuwa imeitia soya jeni ya protini ya njugu za Brazil, kwa kuwa protini hiyo ina methionini nyingi. Uchunguzi ulionyesha kwamba protini hiyo ndiyo inayowadhuru watu wenye mzio wa njugu hizo, na mpango ukaachwa kabla soya hiyo haijafika sokoni. Njugu za Brazil ni miongoni mwa vyakula vyenye seleni nyingi kuliko vyote, na protini hiyo yenye salfa tele ni mojawapo ya zinazoibeba. Kuijua protini kwa jina, basi, ni suala la usalama pia.

La tatu lahusu tamaa ya kuzidisha. Marekani na nchi jirani zilifanya jaribio kubwa lililohusisha wanaume zaidi ya 35,000, ambamo baadhi yao walipewa mikrogramu 200 za selenomethionini kila siku ili kuona kama saratani ya tezi dume ingezuilika. Vidonge vilisimamishwa mwaka 2008, kwani hakuna kinga iliyoonekana. Aliyekwisha kupata seleni ya kutosha hana la kufaidi kwa kuongezewa.

YANAYOHITAJIKA

Nchi inayokusudia kurutubisha mazao yake haina haja ya kuanza na mitambo ya gharama kubwa. Kazi ya kwanza ni kupima udongo, nafaka na damu ya watu wa sehemu mbalimbali, ili ijulikane ni madini gani yanayokosekana na wapi. Kutenga protini kwa njia ya Osborne na kuzipanga katika jeli ni kazi ziwezekanazo katika maabara nyingi za vyuo na za vituo vya utafiti wa kilimo. Spektrometa yenye plazima ni ghali, inahitaji agoni safi isiyokatika, umeme wa kutegemewa na mafundi waliofunzwa. Chombo kimoja chaweza kuhudumia taasisi kadhaa, hata nchi kadhaa jirani, iwapo sampuli zitatayarishwa kwa kanuni moja.

Hapana budi pia sampuli zichukuliwe katika hali ambayo chakula huliwa. Mahindi yakobolewe kama mwananchi anavyoyakoboa, na maharagwe yapikwe kama yanavyopikwa nyumbani, kisha ndipo protini zake zichunguzwe. Punje mbichi iliyosagwa maabara haijapitia kinu, chungu wala tumbo.

Mkulima anayenunua mbolea au mbegu iliyorutubishwa anatoa fedha yake kwa ajili ya afya ya watoto wake. Hawezi kuiona seleni kwa macho wala kuionja, na mahindi yake hayatabadilika rangi. Anategemea neno la bwana shamba, naye bwana shamba anategemea neno la maabara. Kwa hiyo cheti cha maabara hakina budi kueleza mambo matatu: madini ni kiasi gani, yamo katika protini au kemikali ipi, na ni kiasi gani kinachobaki baada ya kukoboa na kupika.